Chini ya Dirisha ni Ukuta Wako

Mpenzi wangu Baba Njeri,

Barua hii haiji kwako. Zile zinazokuja kwako hupita kwanza mikononi mwa maofisa wa kambi ya kizuizini, nazo nimeshajifunza kuziandika: sisi wazima, mvua imenyesha, Njeri anakusalimu. Hii nitaiweka ndani ya kopo la majani ya chai, pamoja na mwiko wako wa kujengea, na siku utakayorudi utaisoma mwenyewe. Tafadhali uisome ukiwa umekaa.

Unakumbuka siku uliyonilisha mchanga? Nilikuwa nimetoka Bunyore juzijuzi, nikapata kibarua cha kubeba mchanga kwenye nyumba uliyokuwa ukijenga hapa Nakuru. Nilitua karai mbele yako. Ukachota mchanga kwa vidole viwili, ukautia mdomoni na kuutafuna taratibu, uso umeukunja kama mtu anayeonja mboga za mkwe wake. Ukatema, ukaniambia, "Wewe pia onja. Kama iko na magadi, mwaga." Nilidhani una wazimu. Nilionja kwa sababu nilikuona mzuri, na hilo sikuwahi kukwambia. Mimi Mnyore, wewe Mkikuyu, na Kiswahili chetu chote wakati huo hakikutosha hata kugombana, kwa hiyo tukaoana.

Baadaye ulinieleza. Mchanga wa mto, ule wa kutoka upande wa Njoro, hauna ladha yoyote. Mchanga wa ziwani una magadi, chumvi ya ziwa letu, na magadi hula simiti kutoka ndani, polepole, hata ukuta ukabaki mawe yaliyopangwa tu. Ulisema mtu anayejenga katika bonde hili lazima awe na ulimi. Nilikucheka sana. Nilisema nimeolewa na mbuzi.

Ulikuwa na sababu ya kuogopa, na hiyo nayo nilikuja kuijua. Ulikuwa mtoto kule Subukia, kwenye shamba la mzungu alikofanya kazi baba yako, ardhi ilipotikisika na kupasuka. Ulinisimulia jinsi bomba la moshi la nyumba kubwa lilivyoangukia jikoni, na jinsi ulivyoona kwa macho yako mchanga ukimwagika katikati ya mawe kama unga kwenye gunia lililotoboka. Tangu siku hiyo ukawa mtu wa kusumbua wenzako. Kila mistari mitatu ya mawe ulilaza seng'enge ili kona zishikane. Kila chumba cha watu wengi ulitaka kiwe na milango miwili, yote ikifunguka kwa nje. Mafundi wenzako walikuita Bwana Tetemeko, nawe ulicheka pamoja nao na kuendelea kulaza seng'enge yako.

Basi kanisa lilipoamua kujenga shule hapa chini, kwenye mteremko wa kwenda ziwani, ulikubali bila kuombwa mara mbili. Ulisema, "Hii ni ya mama." Mama ni Njeri. Tangu umpe jina la mama yako umemwita mama, na yeye tangu aanze kusema amekuitikia kwa sauti ya mtu mzima. Alikuwa akikaa juu ya rundo la mawe na kukuamuru. Nawe ulikuwa ukimwambia, "Ndiyo, mama. Nimesikia, mama."

Ukuta ulikuwa umefika chini ya madirisha askari walipokuja kukuchukua, kama walivyowachukua Wakikuyu wengine. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Walikwambia uweke mwiko chini, ukauweka, kisha ukawaomba ruhusa unawe mikono. Ulinipa timazi yako ya kupimia unyoofu wa ukuta, uzi wake umezungushwa vizuri kwenye kile kipande cha chuma, ukasema, "Mama Njeri, mvua isikute ukuta wazi." Hukusema kingine. Dereva wa lori la mchanga walimchukua siku hiyohiyo.

Sasa nitakueleza nililofanya.

Lori lilisimama bila dereva. Hakukuwa na mtu mwingine mwenye pasi ya kupita barabara ya Njoro. Mzee Zakayo, ambaye unamjua, mzee wa kanisa anayeongoza kamati ya shule, alituita sisi akina mama baada ya ibada. Alisema mchanga uko pale ziwani, tele, wa bure, na kila mama atakayebeba, mtoto wake ataandikwa kwanza. Nafasi zilikuwa chache, Baba Njeri. Wewe ulikuwa umeondoka, na mtoto wa mtu aliyechukuliwa hakuna anayemkumbuka nafasi zikigawanywa.

Siku ya kwanza nilionja. Magadi yalinichoma ulimi hadi machozi yakanitoka. Nilimwendea Mzee Zakayo nikamwambia.

"Basi muoshe," akasema.

"Tuoshe na maji gani, mzee?"

"Si hiyo ya kisima iko hapo chini?"

Kisima cha hapo chini chenyewe kina magadi. Hata chai yake haikolei sukari. Niliyajua hayo yote, na niliosha. Tuliosha wote tukiimba nyimbo za kanisani, manyoya ya heroe, wale ndege wa ziwani, yakielea juu ya maji, mekundu mazuri, watoto wakiyaokota na kuyachomeka kwenye nywele. Nikabeba. Nilibeba kuliko mama yeyote, ili jina la Njeri liwe la kwanza, na likawa la kwanza. Fundi aliyeletwa baada yako alikuwa kijana mpole asiyeuliza maswali. Seng'enge hakupewa. Ilikuwa imekwisha mjini kote, na sote tulijua imepelekwa wapi. Nadhani unaiona kila siku ukiamka.

Kwa hiyo ule ukuta ni wa watu wawili. Chini ya dirisha ni wako. Juu ya dirisha ni wangu.

Shule ilipoezekwa nilikuandikia barua fupi ambayo maofisa wasingeizuia. Nilisema shule imekwisha, imependeza, Njeri ana dawati lake, usiwe na wasiwasi wowote. Nilitaka upate kitu kizuri cha kushika huko uliko. Jibu lako lilichukua miezi kufika, na katika miezi hiyo mbuzi walianza kuja.

Niliwaona kwanza nikidhani wanajikuna. Walikuwa wanalamba ukuta. Mbuzi wa majirani, wakija kila asubuhi kama waliopigiwa kengele, wamesimama kwa miguu ya nyuma na kulamba pale juu, wala hawagusi pale chini. Juu kulikuwa kumeota unga mweupe. Nilipitisha kidole katikati ya mawe mawili, simiti ikamwagika mkononi mwangu, na pamoja nayo likatoka nyoya moja la heroe, bado jekundu. Nilikaa chini palepale kwenye nyasi. Nilijuta, na sina neno lingine.

Nilichukua timazi yako nikaining'iniza. Ukuta ulikuwa umetoka nje ya uzi kwa upana wa kidole kimoja. Baada ya mvua za kwanza vikawa viwili.

Nilienda kwa Mzee Zakayo. Alinisikiliza kwa upole, lazima niseme hivyo, hata akanipa kiti. "Mama Njeri," akasema, "hiyo nyeupe ni simiti inakauka tu. Tutapaka chokaa." Wakapaka chokaa. Sasa juu na chini ni rangi moja na mtu hawezi kujua ukuta wako unaishia wapi. Nilitafuta nguzo mbili za mkaratusi nikaegemeza ukuta kwa nje, vile ulivyofanya kwenye nyumba ile ya Gilgil. Zilikaa siku nne. Bwana mmoja wa ofisi ya mji alikuwa anakuja kukagua, na kamati ikasema nguzo zinaaibisha kanisa. Bwana mwenyewe alikuja mvua ikinyesha. Aliangalia karatasi ya ramani akiwa ndani ya gari, akasema ni ramani nzuri, akaenda zake. Ni ramani yako, na ni nzuri kweli.

Nikaenda hukohuko ofisini kwao. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi karani akachoka kuniona.

"Wewe ndio fundi?" akaniuliza.

"Mimi ni bibi ya fundi."

"Na fundi mwenyewe ako wapi? Mwambie akuje aeleze."

Nilimtazama. Alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu, shati safi, na nadhani alielewa kabla sijajibu kwa sababu aliinamisha kichwa na kuanza kupanga makaratasi. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Mwalimu ndiye mtu pekee aliyekuja kuangalia. Nilimwonyesha uzi wa timazi, akapiga magoti na kuupima kwa vidole vyake, uso wake ukabadilika. Lakini yeye ameajiriwa na kamati, na anajua atakayefukuzwa ni nani. Nilimwomba jambo moja, kwamba awafundishe watoto kutoka mbio siku ukuta ukilia. Akaniambia mlango wako wa pili umezibwa na madawati mabovu. Kisha akasema kitu ambacho bado kinanikosesha raha. "Mama, mimi niko na kengele moja. Hiyo kengele ikilia, watoto wanajua ni kuingia ndani. Kengele ya kutoka hatujawahi kuwafundisha." Hata hivyo alijaribu. Mchana mmoja aliipiga wakiwa darasani akawaambia watoke. Waliokuwa ndani walishangaa, na waliokuwa nje wakichezea mpira wa matambara walikimbia kuingia, wakagongana mlangoni, wawili wakaumia magoti. Wazazi walilalamika. Kamati ikamkataza mwalimu kuchezea kengele.

Hapo ndipo jibu lako lilipofika. Nilimsomea Njeri mwenyewe, kwa sauti, kwa furaha, nikiwa sijalipitia kwanza. Uliandika: "Mwambie mama akae karibu na ukuta wangu, ule wa upande wa ziwa. Pale upepo haufiki. Akiweka mgongo hapo ajue ni mimi nimemshika."

Aliniomba nimsomee tena. Siku iliyofuata alibadilishana dawati na mtoto mwingine, na tangu hapo hakai kwingine. Anaweka mgongo. Wenzake wakisukumana kutafuta jua, yeye yuko pale.

Nilimwambia ahame. Akasema, "Baba alisema nikae hapa." Nilimwambia ukuta ule umeharibika. Akanitazama jinsi unavyonitazama wewe nikikosea, akasema, "Ni baba alijenga." Nikamweleza yote, chini ni wa baba, juu ni wangu, mchanga wangu ulikuwa mbaya. Aliniambia nisijali kwa sababu ukuta wote ni mmoja. Nilimzuia nyumbani siku mbili. Mwalimu akatuma ujumbe kwamba kamati inauliza kama nafasi imeachwa wazi, iko familia inayoingoja. Siku ya tatu nilipogeuka kuangalia uji, alikuwa ameshatoka na kibao chake, anakimbia mteremkoni. Ningeweza kumfunga kamba. Nimelifikiria hata hilo. Lakini wale wengine je, ambao mama zao waliimba na kuosha pamoja nami? Nimewaambia hao mama. Wengine wananiambia nina uchungu wa mume, wananishika mkono na kuniombea.

Nilikuandikia barua nyingine, ile ya kupita kwa maofisa. Nilisema mambo mawili tu: sisi wazima, na tafadhali mwandikie Njeri akae karibu na mlango. Neno lako moja lingetosha. Barua imerudi juzi, imepigwa muhuri kwamba umehamishwa, na hawasemi wapi.

Kwa hiyo sina la kufanya, mume wangu, na sijui kuishi bila la kufanya. Kila siku masomo yakianza nakwenda kusimama nje ya ukuta huo na kuuegemea kwa mgongo. Najua ni upumbavu. Ukuta ukiamua, mgongo wangu hauuzuii. Lakini yeye yuko upande wa pili ameegemea wako, na mimi huku nje nimeegemea, na nikinyamaza naweza kumsikia akisoma herufi kwa sauti ile ya mama yako. Leo timazi imeonyesha vidole vitatu, na mawingu yamekaa juu ya mlima wa Menengai tangu asubuhi.

Jana alirudi nyumbani na midomo imepauka. Nilidhani ni unga, nikamfuta kwa kidole.

"Umekula nini?"

"Ukuta," akasema. "Sisi wote tunalambanga. Iko na chumvi tamu."

Nilitia kile kidole mdomoni na kuonja, vile ulivyonifundisha. Magadi.

Popote walipokupeleka, kaa salama. Ukiota ndoto usiku mmoja, mwite yule mama yako mdogo, umwambie akae karibu na mlango. Wewe atakusikia.

Mimi mkeo niliyebeba mchanga,
Mama Njeri