Kikao cha Dharura juu ya Taa ya Kompyuta na Sangara Waliooza

KIKUNDI CHA WAPAKIAJI SAMAKI, KIBARA

Tarehe: Jumatatu, 10 Machi 2025. Mwaka na nusu tangu tutoke Butiama kuja kazi hii.
Mahali: Nje ya chumba cha baridi. Ndani hapakaliki kwa harufu.
Waliohudhuria: Machage (Mwenyekiti), Rhobi (mlinzi wa chumba), Ephraim (fundi), Dorotea, Hezron, Stanislausi (Katibu).
Hakuhudhuria: Kwangu (mpakiaji). Anafukia samaki shimoni.

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa kufoka. Alipokumbushwa sala, alisema tusali wenyewe.

KUMB. NA. 2/3/2025: SAMAKI KUOZA
Mwenyekiti alieleza kwamba jana, wengine wakiwa kanisani, mashine ya baridi ilizimika na sangara wote wakaoza, Rhobi amekaa mlangoni. Alitaka Rhobi afukuzwe, na atoke kwenye chumba cha kikundi anacholala na watoto wake.

Rhobi alijibu: "Mzee, nilifundishwa kuangalia taa ya kompyuta inayopima baridi. Ikitulia, baridi ipo. Ikipepesa, niite fundi. Jana ilitulia mpaka mkatoka misa. Na mlango nikiufunguaga, wewe unanifokea, eti naingiza joto."

Mwenyekiti alimwambia anyamaze. Hakunyamaza.

KUMB. NA. 3/3/2025: TAA
Fundi Ephraim, baada ya kubanwa na Dorotea, alieleza kwamba yeye ndiye aliyeandika amri ndani ya kompyuta ili taa ipepese joto likipanda. Wiki iliyopita Mwenyekiti alimwagiza aifute, taa iwake tu muda wote, kwa sababu wanunuzi wakiiona inapepesa wanadhani samaki wameharibika. Rhobi hakuambiwa.

Dorotea alisema: "Kwa hiyo, mzee Machage, umeifundisha kompyuta kudanganya, halafu unamfukuza mama wa watu kwa kuiamini?"

Mwenyekiti alijibu kwamba hiyo ni taa tu. Hezron alimwambia akamweleze hivyo Kwangu kule shimoni.

KUMB. NA. 4/3/2025: MAAMUZI
Mikono ilinyooshwa. Rhobi anabaki, na chumba chake anabaki nacho. Kosa liandikwe kuwa ni la Mwenyekiti, naye asaini.

Ephraim alirudisha ile amri hapo hapo. Chumba cha baridi kilikuwa bado na joto; taa ikaanza kupepesa sote tukiitazama. Mwenyekiti aliipa mgongo.

KUFUNGA
Kikao kiliisha saa kumi jioni, Mwenyekiti alipoondoka bila kuaga.

Mwenyekiti: Machage (amekataa kusaini)

Katibu: Stanislausi Nyamburi (nimesaini)

Taarifa ya Katibu: Nyumbani Butiama niliwaambia narudi Pasaka. Anayekwenda huko awaambie nimeahirisha. Karatasi hii naitunza mimi; ikibaki bila saini ya Mwenyekiti, nikiondoka tu Rhobi atatolewa nje. Narudi siku Machage atakaposaini.