Mgongo wa Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Mama Filimbi alitangaza Jumapili, mbele ya wanachama wote waliokuja, kwamba chama kitapanda tena mlima wa vilele viwili, na kwamba wewe umo msafarani mpaka utakapokataa kwa mdomo wako mwenyewe. Nimetanguliza habari, salamu zimebaki nyuma; kazi ya gazeti imeniharibu. Hujambo lakini? Wifi hajambo? Na hiyo nyonga yako mpya inasemaje asubuhi za baridi? Waambie watoto shangazi yao anawasalimu sana. Kuhusu afya yangu, nitakueleza huko chini.

Mkutano tuliufanyia palepale, chumba cha nyuma cha kliniki ya daktari wa meno. Ile ramani bado iko ukutani, kona moja imeshikwa kwa plasta, na viti ni vilevile vya wagonjwa, kwa hiyo kila mwanachama hukaa kama anayesubiri kung'olewa. Daktari mwenyewe amenenepa. Nilipomwambia, alijibu kwamba ile ni misuli imelala, itaamka mlimani.

Nikiwa pale nilizikumbuka Jumamosi zetu. Ulikuwa ukinigongea dirisha kabla hakujapambazuka na kuniuliza kama mabuti nayo yamelala. Tukifika kwenye tangi la maji, Mama Filimbi, ambaye wakati ule bado alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, alitupanga kwa desturi yake: mwenye mwendo wa polepole kuliko wote anatangulia, hapitwi na mtu, na yeye mwenyewe anafunga mkia, filimbi shingoni. Mwanachama mpya akiuliza kwa nini, alijibiwa kwamba hata wodini hakuna mzazi anayeambiwa aharakishe kwa sababu wa kitanda cha pili amemaliza.

Na wa polepole ulikuwa wewe, miaka yote ile. Daktari wa meno alilalamika kwamba amepanda milima yote ya huku na hajaona mlima hata mmoja, ameona mgongo wako tu, na akataka uchorwe kwenye ramani. Ulimwambia bila kugeuka kwamba hakuna kuchora bila ruhusa ya mwenye ardhi. Mimi nilikuwa wa pili. Nilijua kila kiraka cha shati lako, na kile kikohozi chako kabla ya mwinuko mkali, kama dereva anayebadilisha gia. Tukipumzika tuligawana mayai ya kuchemsha na chai ya chupa, na soga zilizoanza njiani ziliendelea pale pale zilipoishia. Siku hizi nadhani soga zile zilitokana na mwendo wako. Mtu anayehema hawezi kusimulia.

Sasa nikueleze yaliyotokea ulipoacha kupanda ukahama, maana barua yako ya mwisho ilisema kwamba bila wewe gari limetolewa breki na tutafika mbali. Hatukufika. Tuliiacha desturi kwa kura, Mama Filimbi peke yake akipinga, na daktari wa meno akatangulia. Mwinuko wa kwanza tu, mstari ulikatika vipande vitatu. Ukungu ukashuka. Mama Filimbi alipiga filimbi kule nyuma, sauti ikagonga jabali la mbele ikarudi, na kundi la daktari likaamini kwamba mama yule amelipita kwa njia nyingine. Likazidisha mbio, likimkimbiza mtu aliyekuwa nyuma yake. Hakuna aliyeumia. Lakini tuliteremka kwa njia mbili tofauti, tukalaumiana kwenye maegesho, na safari iliyofuata tulikuja nusu. Baadaye tukawa tunakutana kwenye tangi, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani.

Hili linalofuata sijamwambia hata mama yetu mzazi. Mwezi uliopita tulipojaribu kilima kidogo, nilishindwa kumaliza mwinuko. Nilikaa kwenye jiwe. Mama Filimbi alinishika kifundo cha mkono akayasikiliza mapigo. Daktari wa moyo amesema vali moja haifungi vizuri. Kazi nitafanya, milima nitapanda, ila kwa mwendo wa kubembeleza, na nisikimbizwe kamwe. Wiki iliyopita, tuliporudi kwenye kilima kile, Mama Filimbi alinitoa nafasi ya pili akaniweka mbele. Hakuna aliyeitisha kura.

Kaka, huko mbele hakuna mgongo wa kuangalia. Kuna miguu ya watu nyuma yako, na kila buti linaloteleza kwenye changarawe unadhani linakwambia ujisogeze. Nilitembea nikiomba samahani kimoyomoyo mpaka tulipopumzika. Ndipo nilipoelewa kwamba nyonga ilikuwa nusu tu ya sababu ya wewe kuacha. Nilimwambia daktari wa meno apite. Alikataa katakata. Alisema mara ya mwisho alipotangulia alijikuta anamkimbiza mwanamke, na nyumbani kwake habari hiyo haijaisha mpaka leo. Watu walicheka hadi Mama Filimbi akapuliza filimbi kutunyamazisha, kisha akacheka yeye. Sikuwa nimesikia kicheko cha namna hiyo tangu uondoke. Nilichunguza nyuso zao moja moja, kama nifanyavyo kazini. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Hata enzi zako hakuna aliyekuwa nayo. Nilikuwa nyuma yako, ningeisikia.

Naogopa kutangulia peke yangu. Sina namna nyingine ya kuliandika. Najua daktari wako amekuruhusu kutembea. Wifi ndiye aliyeniambia kwenye simu, na tafadhali usimgombeze. Nani wa polepole zaidi kati yetu, mwinuko wa kwanza utaamua, na safari hii nitakupa ushindani.

Mama yetu anakuulizia kila siku, na daktari wa meno anasema anaomba radhi kwa mwenye ardhi. Wabusu watoto. Basi la kutoka kwenu linaingia Ijumaa jioni, nitakuwa stendi. Tunaanza kupanda Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mimi,
mdogo wako, wa pili mstarini