Maji ya Kuoga ya Bibi Harusi

Mke mwenzangu Riziki,

Huku Kindu sote wazima, na dada yako amejifungua salama. Unauliza hoteli uliyotulipia iko namna gani. Godoro laini, feni haipigi kelele, na maji ya moto yanatoka ukutani!

Lakini maji matamu kuliko yote alinichotea babu yako. Tulifunga ndoa wakati wa vita, tukiwa wakimbizi Lokandu. Bibi harusi hashiki ndoo, na shangazi wa kunichotea hakuwepo. Babu yako akaenda mto Lualaba mwenyewe. Nilichungulia mlangoni, nikiogopa ataitupa ndoo kwa aibu.

"Bibi yako iko mugonjwa?" wanaume waliokaa njiani wakamcheka kwa kumchotea mkewe maji.

"Hapana. Iko bibi harusi!"

Niliringa, mwenzangu! Kesho yake wale wale walikuwa mtoni, kila mmoja na ndoo ya mke wake.

Bibi yako Zaina, anayeringa bado