Upepo wa Siku ya Posho

Nyamitaba, siku ya Mungu, tarehe 21 mwezi wa saba 1957

Mama yangu mupendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mutoto wako Emérita. Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Rosalie amefikisha miezi nane, meno mbili za chini zimetoka, na akiona ngombe anapiga kelele kama muntu aliyekutana na ndugu yake. Na wewe, Mama? Muguu wako umepona ao ungali unauvuta? Je, mihogo ya ngambo ya muto umekwisha kuing'oa? Kaka Hilaire, wewe mukatekista unayemusomea Mama barua hii, nakusalimia pia. Ninajua unasoma pale uwanjani na sauti yako ya Misa, na mama Pierre wa jirani amekwisha kuleta kiti chake. Mama Pierre, salamu.

Baridi ya mwaka huu ni kali. Wewe uko kule chini ambako miti inashika joto. Huku juu, miezi hii ya sita na ya saba, ukungu unalala mulangoni kama ngombe aliyekataa kusimama, na kuni zinatoa moshi kuliko moto. Rosalie ninamuvalisha nguo zake zote pamoja, anakuwa muviringo, hawezi hata kugeuka.

Mama, uliniuliza kama ni kweli maneno shofere mumoja alikuambia pale barabarani, kwamba mutoto wako anaendesha motokari ya Muzungu. Siendeshi, Mama. Ninaiwasha tu, nayo inabaki pahali pake. Ngoja nikueleze vizuri.

Unajua bwana yangu Séraphin alikuwa shofere wa Injiniere wa mugodi. Yule Muzungu alinunua motokari ya Amerika, kubwa, rangi ya maziwa, na nyuma, pale wanapoweka mizigo, kuna mashini inayofanya upepo wa baridi. Ni kwa sababu ya joto la Walikale. Wakishuka Mubi, kwenye mugodi, wanafunga vioo, na ndani kunakuwa kama huku kwetu asubuhi. Basi mwezi wa tatu Muzungu akaenda likizo Ulaya, motokari ikabaki katika garaji yake, hapa juu karibu na kwetu, na Séraphin akatumwa Mubi kuendesha kamyo ya mugodi mpaka Muzungu arudi.

Mbele ya kuondoka, Muzungu alirudilia neno moja mara tatu: mashini ya upepo isilale. Hata wakati wa baridi, hata kama hakuna muntu anayeihitaji, iamshwe dakika kumi kila juma. Ndani yake kuna mafuta yanayozunguka, na kuna vipira vidogo. Mafuta yasipopita, vipira vinakauka na kupasuka, na baridi yote inatoroka. Akamuambia Séraphin kwamba akikuta mashini imekufa, atatafuta shofere mwingine, na yeye atabaki na kamyo.

Njo Séraphin akanifundisha mimi. Alisema hakuna muntu mwingine kilimani hapa ambaye hatajaribu kuipeleka sokoni. Kwanza nifungue milango yote miwili ya garaji, maana moshi wa motokari unaua. Halafu nikae pahali pa shofere, nigeuze ufunguo, nikanyage kidogo, ningoje ingurume, kisha nivute kifungo cha upepo. Kwa kuwa sina saa, akaniambia nisali makumi tatu za rozari polepole, itakuwa dakika kumi. Nikamuuliza, na usingizi ukinikamata katikati? Akacheka, akasema Bikira Maria atamalizia mwenyewe.

Hivi kila siku ya posho, juma likiisha, nikaenda, mutoto mugongoni ndani ya blanketi mbili. Mama, watu walinicheka! Papa Ndayambaje, mwenye ngombe, alisimama mulangoni pa garaji akauliza kama Wazungu wamekosa baridi ya bure, mpaka wanachoma esansi ya motokari kuitengeneza ingine. Akasema nikimaliza nimupe kidogo katika kibuyu, apeleke kwa maziwa yake yasichache. Mama mukwe wangu Mukasine yeye hakucheka. Alisema hajawahi kuona sala inayonuka moshi. Na kwamba muke wa kweli, wakati wa baridi, anatafuta moto, hatafuti upepo.

Lakini mimi, siku za kwanza, niliipenda ile saa. Sitakuficha. Unajua nyumba ya wakwe. Mama Mukasine si mubaya, ananipa kipande kizuri cha nyama na anamubeba mutoto, lakini ni nyumba yake, sufuria ni zake, hata kikohozi changu anakisikia. Ndani ya motokari nikifunga vioo, kilima chote kinanyamaza. Koti la zamani la Séraphin lilikuwa limebaki kwenye kiti, linanuka esansi na tumbako. Pumzi yetu ilikuwa inafanya vioo kuwa vyeupe, sioni kitu. Halafu upepo ukija kutoka nyuma, vioo vinakauka pole pole, kwanza katikati, halafu pembeni, na ninaiona barabara inayoteremuka kwenda Masisi, na mbele zaidi kwenda kwako, na kwenda kwake. Nilikuwa ninaitazama mpaka makumi ya tatu. Siku zingine nilisema naye kwa sauti, kama yuko. Nilimuambia jino limetoka. Nilimuambia chumvi imekwisha.

Mwanzo wa mwezi wa sita Rosalie akashikwa na kikohozi. Kifua kilikuwa kinalia kama paka. Mama Mukasine akaniambia waziwazi: ni ule upepo, na nikienda tena, nisimuletee mutoto wa kuzika. Siku ya posho hiyo sikuenda. Nilikaa kwenye moto, mutoto kifuani, tunamupaka mafuta. Muntu yeyote angefanya vile.

Juma lile lile ikafika barua ya Séraphin. Aliandika kwamba kazi ya kamyo ni ya matope lakini si mubaya: wanapakia asubuhi, wanapakua, na mangaribi kila muntu analala kwake. Siku ya tatu ya kazi njo anapanda mpaka kwenu Kashebere kuchukua mihogo ya wafanyakazi. Hiyo unaijua, Mama, maana wewe njo unamupa chakula. Wewe unamuona kila juma, na mimi muke wake tangu alipokuja kwa Pasaka sijamuona. Akaandika tena kwamba shofere wenye bibi wanapewa nyumba ya matofali mu kambi, vyumba viwili na jiko la nje. Yeye pia walimupa. Alikataa. Alisema hataki kuanza mambo ya Mubi, maana Muzungu akirudi atamuvalisha kofia ya shofere na watatembea wote wawili mpaka Bukavu, mpaka Stanleyville. Akamaliza kwa kuniuliza: mashini inaamka vizuri?

Nikamujibu kwamba kila siku ya posho ninafanya kama alivyonifundisha. Nikaandika vile na mukono wangu huu.

Kaka Hilaire, hapa usimame. Tuma watoto wachote maji, na mama Pierre anisamehe, arudi na kiti chake. Yanayofuata ni ya Mama peke yake. Uyasome na sauti ya chini.

Mama, kikohozi cha Rosalie kiliisha kwa juma moja. Siku za posho tano zilizofuata, mutoto alikuwa muzima, anacheka, ufunguo uko shingoni mwangu, na mimi sikuenda. Nilikaa ninachambua maharagi. Papa Ndayambaje aliniuliza kama Wazungu wamepata baridi ya kutosha, nikamujibu kwamba mutoto anaumwa. Kanisani nilisema mutoto anaumwa. Nilimufunga kitambaa shingoni ili watu waamini. Mutoto wangu, Mama, nilimufanya mugonjwa kwa mudomo, mimi ambaye nilikesha nikimuombea apone.

Nilitaka ile mashini ife.

Unakumbuka Séraphin alipokuwa shofere wa Injiniere? Alilala nyumbani siku ine kwa mwezi. Rosalie alizaliwa yeye akiwa Bukavu, amekaa ndani ya motokari inje ya mulango, anangojea Muzungu amalize kula kwa wakubwa. Alimuona mutoto ana majuma matatu, na mutoto akalia kwa kuogopa kofia. Kwa hiyo niliposoma kwamba shofere wa kamyo analala kwake kila mangaribi, nikafikiri: vipira vikauke. Hakuna muntu atajua. Muzungu atakasirika, Séraphin atabaki Mubi, nyumba ya matofali itakuwa yetu, na mimi nitakuwa sikusema neno lolote. Nilifikiri hivyo hata nikiwa nimepiga magoti.

Siku ya ine ya juma hili barua yake ingine ikafika. Muzungu anarudi tarehe kumi ya mwezi wa nane. Séraphin ananishukuru. Anasema amewaambia shofere wote wa Mubi kwamba bibi yake, ambaye alifika darasa la tatu tu, anachunga mashini ya Amerika, na mumoja anaitwa Edmond alikataa kuamini, wakabishana mpaka wakawekeana dau la pombe.

Jana ilikuwa siku ya posho. Nikachukua ufunguo nikaenda. Mama Mukasine akanifuata bila kuitwa, Rosalie mugongoni mwake. Nikadhani amekuja kunizuia. Hapana. Alifungua mulango wa nyuma akakaa kwenye kiti cha Muzungu, akajifunika vizuri, akamupakata mutoto ndani ya kitenge, akasema na yeye anataka kuona kitu kinachomushinda mukazana wake siku moja na kumuvuta siku ingine.

Nikawasha. Nikavuta kifungo. Mashini ikalia kama nguruwe anayekamatwa, halafu ikatoka harufu ya nguo zilizooza. Upepo ukaja, lakini wa vuguvugu. Nikasali makumi ya kwanza, vuguvugu. Nikafika nusu ya makumi ya pili, vuguvugu. Nikasema moyoni, basi, imekufa. Na ile furaha niliyoingojea majuma yote sikuipata, Mama. Niliona mu mawazo yangu Séraphin, na yule Edmond anamucheka.

Ghafula nyuma yangu mama mukwe akapiga kelele: Yezu Maria, nani ananimwagia maji shingoni! Upepo ulikuwa umebadilika, baridi ya kweli, inamuingia katika kitambaa cha kichwa. Alishuka upande mumoja wa kiti, ukamufuata, akaenda upande mwingine, ukamungojea kule. Rosalie alicheka mpaka akapata kwikwi. Na mimi nikacheka na kulia pamoja, vioo vinakauka mbele yangu. Mashini ilikuwa nzima. Siku za posho sita, na haikujali hata kidogo.

Nilipozima, Mama Mukasine hakushuka mara moja. Akaniambia, mukazana, mimi sikusoma lakini ninajua mutoto aliyepona na mutoto anayeumwa. Akaendelea kwamba na yeye, akiwa na mimba ya Séraphin, walimuchukua bwana yake kwa kazi ya barabara, na alipotuma habari kwamba anaweza kubaki zaidi, apate baiskeli, yeye akamujibu kwamba ni sawa. Akarudi mutoto anatembea. Mpaka leo, akasema, sijamuambia yule muzee kwamba haikuwa sawa. Kisha akashuka, akaanza kumugombeza Papa Ndayambaje kuhusu ngombe aliyeingia katika maharagi yake.

Sasa ninakuomba kazi moja. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ingine, nimeikunja mara ine. Ni ya Séraphin. Papa Léonard, anayepeleka ngombe Kashebere, anatoka hapa kesho, kwa hiyo mutaipata mbele ya siku ya tatu. Séraphin akifika kuchukua mihogo, umupe ale kwanza, maana unajua akiwa na njaa hasikii. Halafu umupe karatasi, asome mwenyewe.

Nimemuandikia siku zote sita nilizomudanganya, na sababu yake ya kweli. Nimemuandikia kwamba mashini iko nzima na Muzungu ataikuta nzima, kwa hiyo kofia ni yake akiitaka. Halafu nimemuuliza kitu ambacho sijamuuliza tangu aniowe: achukue ile nyumba ya Mubi, aje atuchukue mimi na mutoto. Neno "ninakuomba" liko pale mara mbili, kwa sababu la kwanza lilimwagikiwa na wino, na sikutaka likose kusomeka.

Atakasirika, Mama. Akikunja karatasi na kuondoka bila neno, usimukimbilie, usimuombe kwa ajili yangu. Lakini akikuuliza kama mutoto wa miezi nane anaweza kuvumilia mbu za Mubi, umujibu ndiyo, hata kama huna hakika. Atakayoamua, mimi nitayasikia huku. Kwa siku ya posho ijayo, nitakwenda garaji kama ilivyo desturi. Hiyo nimemuahidi, na safari hii ni kweli.

Unisalimie wote wa nyumbani, hasa bibi mukubwa, na ile kuku nyeupe kama hamujaila. Mama Mukasine anakusalimia, anasema chumvi uliyomutumia ilikuwa nzuri. Rosalie nimemushika mukono akachora mustari chini hapa, ni salamu yake. Ubaki na amani, unitilie katika sala zako za asubuhi.

Mimi mutoto wako anayekukumbuka sana,

Emérita, mama Rosalie