Mama Nasim, Sasa Nimefaulu Kweli

Mama Nasim,

Shikamoo. Nakuandikia Jumapili mchana, mezani jikoni kwetu, madirisha wazi na feni inazunguka, maana joto la Agosti limepanda mpaka ghorofa hii ya kumi na moja. Mama amejilaza. Mdogo wangu Riziki yuko chini na wenzake. Barua hii nimeianza mara tatu tangu ulipotutoka mwezi wa tatu, na mara zote tatu nimeichana, kwa sababu ilinibidi nianze na jambo linalonitia aibu. Leo naweza kulisema.

Nilikudanganya.

Siku ile nilipokuja hospitalini, koti langu likidondosha theluji sakafuni, ukaniuliza, "Vipi, binti?" nikakujibu kwamba nimefaulu mtihani wa barabarani. Sikuwa nimefaulu. Nilikuwa nimeanguka kwa mara ya pili, saa mbili tu kabla ya hapo. Nilisimama katikati ya makutano nikingoja kukata kushoto, nikangoja, nikangoja, mpaka taa ikawa nyekundu na magari ya kila upande yakanipigia honi. Msimamizi akainamia karatasi yake. Aliandika tu.

Ndani ya basi nilikuwa nimeamua kukwambia ukweli. Lakini nilipofika nikakuta umepungua hivyo, umebaki macho tu, na macho yenyewe yakinitazama mimi. Neno likanitoka kabla sijalizuia. Ukanishika mkono. Ukamwambia nesi. Ukamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hata hakukufahamu vizuri. Ukampigia simu Nasim akiwa kazini: mwanafunzi wangu amepata leseni. Sikuwahi kukuona umefurahi namna ile. Siku tisa baadaye ukaondoka.

Unajua nililia nini mazishini? Watu walidhani nalia kifo. Nilikilia, ndiyo. Lakini nililia pia kwamba umekwenda na uongo wangu.

Mimi na wewe tulijuana kwa sababu ya lifti mbovu ya jengo letu huku ugenini. Unakumbuka? Umekaa kwenye ngazi za ghorofa ya sita, mfuko wa vitunguu miguuni, unahema, na mimi na mama tunapanda tukilalamika kwa Kiswahili. Ukainua kichwa. "Nyie watu wa wapi?" Mama akasema yeye wa Uvira, mimi nimezaliwa kambini Kigoma. Ukasema wewe ni wa Bukoba, kana kwamba Bukoba na Kigoma ni mitaa miwili inayotazamana. Nikabeba vitunguu mpaka mlangoni kwako ghorofa ya tisa, na sikutoka mpaka nimekula. Bibi wa Kihindi mwenye miaka sabini na nane anayesema Kiswahili kuliko mimi. Niliporudi juu nilimwambia mama, nimepata rafiki.

Halafu zikaja zile Jumapili, baada ya sisi kutoka kanisani na wewe kumaliza chai yako. Maegesho matupu nyuma ya duka lililofungwa, Corolla yako ya kijivu yenye harufu ya iliki, na wewe pembeni yangu unakanyaga breki ambayo haipo. Uliniambia jinsi ulivyokuwa ukiendesha pikapu ya marehemu mumeo kutoka Mwanza, imejaa mabunda ya vitambaa, una mimba ya Nasim, matope yanafika mlangoni. "Na mimi sikuwa na mtu wa kunifundisha," ulisema. "Wewe una mimi, unaogopa nini?" Nilikuwa naogopa kila kitu. Naogopa kona, naogopa baiskeli, naogopa kumchelewesha mtu wa nyuma. Nikisimama kungoja nafasi ya kuingia barabarani, ulikuwa ukinitazama kwa upande. "Ingia, Neema. Unangoja kadi ya mwaliko?"

Mwezi mmoja baada ya mazishi, Nasim alibisha hodi kwetu. Alikuwa na bahasha, na ndani yake funguo za gari. Akasema, "Mama alisema hili ni la Neema." Mama yangu akaweka mikono kichwani kwa furaha. Mimi nikamwomba Nasim tutoke nje kidogo.

Tulisimama kwenye korido, karibu na lifti. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwa Kiswahili, ingawa najua chake ni cha mtoto wa miaka saba aliyeondoka Bukoba akiwa ameshikwa mkono. Kwa Kiingereza ningeweza kupamba. Alikasirika, Mama Nasim, sitakuficha hilo. Alikuwa na haki. Nikasema, "Mama yako alikufa akifurahia uongo." Akaniangalia. Akajibu polepole, akitafuta maneno, "Alikufa akifurahi. Hiyo naichukua."

Kisha akarudisha funguo kwenye bahasha. Gari angekaa nalo yeye. Nikifaulu, niende nikalichukue. Lifti ilipofika akauzuia mlango kwa mguu na kuniuliza, "Jumamosi una nafasi?"

Ndivyo nilivyompata mwalimu wa pili. Mwanao ni mkali kuliko wewe. Wewe ulikanyaga breki ya kufikirika, yeye anafumba macho, halafu akifumbua anasema, "Tena." Jumamosi ya kwanza, ndani ya gari lake mwenyewe, hatukuzungumza chochote ila kulia, kushoto, simama. Jumamosi ya pili, nikiwa narudi rivasi kuegesha kati ya magari mawili, nikaanza kuimba kwa sauti ya chini bila kujitambua. Akaniuliza huo wimbo nimeutoa wapi. Nikamwambia ni wewe, kila ukiegesha ulikuwa unaimba. Hakuwa anajua. Miaka yote hiyo, hakuwa anajua, kwa sababu akiwa nawe alikuwa anaendesha yeye. Akaniomba niuimbe wote. Siujui wote, nikamwambia, na Kigujarati changu ni cha kubahatisha. Nikauimba hivyo hivyo. Tangu siku ile tukawa watu wa kuzungumza. Mimi namsimulia wewe wa Jumapili, yeye ananisimulia wewe wa zamani, uliyefika huku na masanduku mawili na kuanza kazi kiwandani wiki hiyo hiyo.

Mwezi wa sita nikaenda kwenye mtihani wa tatu. Msimamizi alikuwa baba mnene mwenye kikohozi, na aliponiambia nikate kushoto nilitambua ni makutano yale yale. Taa ya kijani. Magari yanakuja mfululizo kutoka mbele. Nikasogea katikati. Likapita basi, likapita gari jeupe, na nyuma ya gari jeupe pakawa na nafasi. Si kubwa. Inayotosha. Sikungoja kadi. Nikaingia, nikakata kona, nikajikuta upande wa pili nimenyooka, na yule baba anakohoa tu kama vile hakuna kilichotokea duniani.

Tuliporudi akasema nimefaulu. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Nasim alikuwa akiningoja ndani ya ofisi ya mtihani, kikombe cha chai kimempoa mkononi. Nikamwitikia kwa kichwa. Mwanao si mtu wa kukumbatia watu, unamjua. Alinikumbatia hadi chai ikamwagika kwenye viatu vyangu. Akatoa ile bahasha. Tukakaa garini palepale, tukalia wote wawili, kisha tukaenda kula mihogo ya kukaanga kwa pilipili, na aliyeendesha ni mimi.

Sasa nikueleze majira haya ya joto, maana yamekuwa mazuri hadi naona haya.

Mama yangu anaingia kazini kwenye ghala la karibu na uwanja wa ndege saa kumi na mbili asubuhi. Kwa miaka minane amepanda mabasi mawili, masika na barafu. Sasa nampeleka. Dakika kumi na nne. Siku ya kwanza nilitaka kumshusha kando ya barabara, akakataa. "Nipeleke mpaka getini," alisema. Getini wenzake walikuwa wamesimama wanamalizia kahawa. Mama akateremka taratibu sana, akafunga mlango, akaufungua tena kama amesahau kitu, akaufunga tena. Hakuwa amesahau kitu. Alitaka waone.

Nimepotea mjini Brampton na Riziki akiwa ameshika simu na kunielekeza huku ameigeuza ramani kichwa chini. Nimekwenda na Nasim kuchuma matunda ya stroberi, tukala zaidi ya tuliyochuma. Nimejaza upepo matairi mwenyewe. Nimemfuata rafiki yangu kazini mvua ikinyesha, nikampigia honi mara mbili, mie Neema, niliyekuwa nazikimbia honi za watu.

Lakini ninalotaka ulijue hasa ni la Jumamosi iliyopita.

Mama alipata likizo. Wiki nzima, ya kwanza tangu tufike. Nikamuuliza anataka kwenda wapi, akasema popote penye maji yasiyo na ukingo wa pili. Nikachagua Wasaga, ufukoni mwa ziwa. Kwenda Wasaga ni lazima uingie barabara ile kuu, Mama Nasim, ile ya malori, ambayo mimi na wewe hatukuwahi kuigusa kwa sababu mwanafunzi haruhusiwi. Asubuhi sikula kitu.

Ile njia ya kuingilia inapinda, kisha inanyooka, kisha inakwisha. Upande wangu wa kushoto malori yamefuatana kama treni. Mama mbele ameshika mpini wa juu ya mlango na kusali kwa Kibembe. Nikaanza kupunguza mwendo. Gari la nyuma likanipigia honi. Njia inakwisha, naiona inavyokwisha, na mguu wangu unataka breki. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinitazama kwa upande. Nikawasha indiketa, nikatazama kioo, nikageuza shingo, nikakanyaga mafuta. Nilikanyaga hasa. Corolla yako ikaunguruma kama haijazeeka, na tukawa ndani, kati ya malori mawili, tunakwenda kwa kasi kama yenyewe. Mama akaacha kusali. Baada ya muda akasema, "Kumbe ni hivyo tu." Riziki akacheka huko nyuma hadi akapaliwa.

Wasaga kuna mchanga na maji hadi macho yanachoka. Tukala chapati na kuku. Kisha mama akasimama, akavua viatu, akafunga kitenge kifuani, akaingia majini. Nilijua ataishia magotini kama akina mama wengine. Akapita magotini. Akapita kiunoni. Maji yakamfika mabegani na mimi nikasimama kumwita arudi. Akajitupa mbele.

Mama yangu anaogelea. Miaka ishirini na moja mimi ni mwanawe, sikujua. Alikuwa anakata maji bila haraka, kichwa juu, kama mtu anayekwenda sokoni. Akawapita watoto wenye maboya, akawapita vijana waliokuwa wanacheza mpira, akaenda hadi tukabaki tunaona kitambaa chekundu cha kichwani tu. Riziki alinishika mkono, kucha zikaniingia. Kitambaa kikageuka. Kikarudi.

Alipotoka, maji yakimchuruzika, nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia. "Nani aliniuliza?" akasema. "Na ningewaonyesha wapi, bafuni?" Akasema Uvira waliogelea kabla ya kujua kusoma. Alikuwa anacheka. Uso wake ulikuwa wa msichana ambaye sijawahi kukutana naye. Akatuita majini, mimi na mdogo wangu, akatufundisha kuelea, kiganja chake chini ya migongo yetu. Nililala juu ya maji nikitazama mbingu, na sikuwa naogopa.

Wakati wa kurudi nilifika karibu na nyumbani ndipo nikagundua nimeingia tena barabara kuu bila hata kuwaza. Abiria wangu wote wawili walikuwa wamelala.

Basi, hizo ndizo habari. Septemba naanza mafunzo ya vitendo kwenye nyumba ya wazee, mwaka wangu wa pili wa uuguzi. Ijumaa Nasim alikuja kukutembelea kaburini, nami nikamleta. Nilisimama mbali kidogo nikawaachia nafasi, kwa hiyo hatukuongea, mimi na wewe. Ndiyo maana naandika.

Nisamehe kwa ile siku ya hospitalini. Nilitaka uondoke na kitu kizuri, na sikuwa na kingine cha kukupa. Kwaheri, mwalimu wangu. Upumzike, na Mungu akuangazie ulipo. Mwakani nafanya mtihani wa mwisho, ule wa leseni kamili, maana hii niliyo nayo ni ya awali. Naahidi utapata jibu siku hiyo hiyo, na litakuwa la kweli, hata likiwa baya.

Ila sidhani litakuwa baya. Naendesha vizuri, Mama Nasim. Nimekuwa dereva.

Mwanafunzi wako,
Neema