Mtu wa Kunijazia Bastola

MAELEZO YA SHAHIDI
Ofisi ya Sherifu, Dunmere, Nebraska

Jina: Arlene Kucera. Umri: miaka 66. Kazi: mstaafu, zamani dereva wa basi la shule. Makazi: nyumba ya mwisho, Barabara ya Nne. Anaishi peke yake.

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ingawa mkono unauma na kahawa ya hapa ni mbaya.

Mnamo Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, nilifika kwenye uwanja wa shabaha wa ndani, nyuma ya maghala ya mahindi, kama kila Jumanne. Mimi si mwindaji wala siogopi wezi. Napenda kutoboa karatasi, basi. Marehemu mume wangu Vernon ndiye aliyenifundisha: shika kwa mikono miwili, tazama kilengeo cha mbele, pumua, halafu vuta kifyatulio taratibu mpaka mlio wenyewe ukushangaze. Anayeungojea mlio hushtuka kabla haujatoka, na mtutu huinama.

Dawa ya kushtuka ni mwenzako akujazie bastola bila wewe kuona, achanganye risasi nzima na maganda matupu. Ukifikia ganda, hakuna mlio, na kila mtu anauona mkono wako ulivyoinama. Zoezi hili halifanyiki peke yako, maana ukijijazia unajua ulichoweka. Vernon alipofariki nilijaribu kujaza nikiwa nimefumba macho. Nilijiona mjinga, nikalia palepale kwenye kibanda changu cha kupigia shabaha.

Mwezi wa kumi mwaka jana mwanamume wa kibanda cha jirani, Dwight, aliniona nikifanya hivyo. Akaniuliza, "Mama, huo mchezo unacheza na nani?" Nikamjibu, "Na ukuta." Akasema, "Ukuta hauna mikono. Lete hapa." Tangu hapo tunajaziana kila Jumanne, nami humletea kopo la kolache, ile mikate yangu midogo ya plamu. Jina lake la ukoo silijui. Hatujawahi kuonana nje ya jengo lile. Naibu Sherifu anayeniandikia haya ameniuliza kama tuna uhusiano mwingine. Nimemjibu hapana, na ungekuwapo nisingeuficha.

Siku hiyo nilimjazia Dwight bastola yake ya gurudumu la matundu sita: risasi nne, maganda mawili. Mara ya kwanza alipiga vizuri. Mara ya pili ilisikika "ka" tu, na mtutu ukainama nusura uguse meza. Nikapaza sauti, "Umeshikwa! Mzee mzima unaruka kama umekanyaga paka!" Akacheka hadi mabega yakatikisika. Akasema, "Mwongo wewe! Sijainama hata kidogo. Hebu angalia." Akanigeukia na bastola mkononi, akavuta tena ili anionyeshe.

Alisahau kwamba kila ukivuta, gurudumu huzunguka na tundu jingine huja. Hivyo ndivyo tunavyokosea sisi wa mchezo huu: ukishasikia "ka" moja, unajiona umeshika kitu kitupu. Tundu lililokuja lilikuwa na risasi. Ilipita kwenye ubao unaotenganisha vibanda vyetu ikanichana mkono juu ya kiwiko.

Dwight aliweka bastola chini, akavua shati, akanifunga nalo. Alikuwa akisema, "Nisamehe, Arlene. Nisamehe, mama." Rhonda, msimamizi wa uwanja, alikuja mbio akamwambia, "Toka. Hukanyagi tena hapa maisha yako yote."

Naibu ameniuliza mara mbili kama tuligombana. Hatukugombana. Ameniuliza kama Dwight aliuondoa mtutu kwenye shabaha. Najua nikisema bastola ilifyatuka yenyewe, huenda Rhonda akamrudisha. Lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na siku nyingine risasi inaweza isiishie mkononi. Ndiyo, aliuondoa. Alinigeukia kwa sababu nilimchekesha, na hakuwa na mwingine wa kumwonyesha.

Sitaki ashtakiwe, naomba iandikwe hivyo. Simu yangu hupigwa na wauza bima tu. Mkono utapona, lakini Jumanne sina tena mtu wa kunijazia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa nikaridhika, ila palipoandikwa "mtuhumiwa" nimeomba paandikwe "Dwight".

Sahihi: A. Kucera

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Naibu Sherifu T. Haskell. Baada ya kusaini, shahidi aliomba namba ya simu ya mhusika. Nilimweleza kuwa siruhusiwi. Akauliza kama bado tunaye kituoni. Nikamjibu kwamba yupo, anamalizia kuhojiwa na ataachiwa aondoke kwa miguu, kwa kuwa gari lake limebaki uwanjani. Alishukuru akatoka. Hadi naandika haya gari la shahidi lingali mbele ya mlango, injini imezimwa. Nimemwona akiondoa kopo kwenye kiti cha abiria na kuliweka kiti cha nyuma.