Upande wa Nyuma wa Tangazo la Wanamaji

Jumamosi, jioni. Nyumbani, ufukweni, si mbali na Lundo.

Mwera, ule upepo mkali wa kusini, umekatika tangu jana. Ziwa limelala, na milima ya ng'ambo, upande wa Malawi, inaonekana mpaka mikunjo yake. Siku kama hii mtu angetegemea moyo wake nao utulie. Wangu bado.

Ninaandika nyuma ya daftari la Jiografia. Likizo ikiisha nitarudi shuleni Mbinga, na Jumamosi ya kwanza tutakayopewa ruhusa nitashuka mjini, kwenye lile duka la kompyuta karibu na stendi, niyachape haya kama yalivyo. Nimejiwekea sharti: nisirekebishe chochote ili nionekane mzuri.

Leo nimeharibu zoezi la wanamaji.

Ilianza Jumapili iliyopita. Miwani ya katekista wetu imevunjika kioo kimoja, kwa hiyo baada ya ibada aliniita mbele, akanipa karatasi iliyotoka kwa mtendaji wa kijiji, akawaambia watu kwamba leo tutasomewa na binti wa sekondari. Niko kidato cha tatu. Darasani najua majibu mengi na sinyooshi mkono. Nimesoma habari za mabaharia vitabuni kuliko nilivyowahi kuzungumza na wavuvi wa hapa kwetu, na baba yangu mwenyewe ni mvuvi.

Tangazo lilichapwa pande mbili. Mbele lilisema kwamba meli ndogo ya wanamaji itakuwa mbele ya kijiji chetu siku ya Jumamosi, ikimalizia mafunzo yake ziwani, na kwamba kuanzia asubuhi hadi jioni mtumbwi wowote usitoke. Hayo niliyasoma, macho yangu yakiwa kwenye karatasi tu. Kutoka upande wa wanaume mtu akasema, "Sauti, mwalimu," watu wakacheka. Halafu katekista akaninong'oneza nieleze na kwa Kinyasa, ili wazee waelewe vizuri.

Kinyasa changu kimechakaa. Miaka ya bweni, katikati ya Wamatengo, imekifanya kitoke mdomoni kama cha mgeni. Nilisema sentensi mbili, wasichana wa rika langu wakaangaliana.

Nikageuza karatasi. Maneno ya nyuma niliyaona. Sitaki kuandika hapa kwamba sikuyaona. Yalisema kutakuwa na zoezi la kuokoa mtu aliyeanguka majini, kwamba kitakachotupwa ni sanamu iliyovishwa koti la rangi ya machungwa, na kwamba wananchi wasiifuate.

Nikaikunja karatasi, nikasema, "Ni hayo tu."

Nikarudi kukaa. Nilijiambia kwamba hayo ya nyuma ni mambo madogo. Mitumbwi imekatazwa kutoka, nani atatoka? Ukimwuliza mtu mwenye aibu sababu ya jambo, atakupa sababu nzuri sana.

Lakini mimi ni mtoto wa hapa, na nilipaswa kujua.

Kwetu kasia halilazwi ndani ya nyumba. Huegemezwa ukutani, nje, upande unaotazama ziwa, hata kama ni jipya. Yowe likipigwa, aliye karibu huchukua kasia lililo karibu na mtumbwi ulio karibu, bila kuuliza ni vya nani, wala aliyeanguka ni mtoto wa nani. Maswali huulizwa mtu akishafika nchi kavu. Baba yeye hata ukutani haliegemezi kasia lake. Huliacha ndani ya mtumbwi kabisa, tangu mwaka niliomaliza darasa la saba, mdogo wake, baba mdogo Saimoni, alipozama kwenye mwera. Siku ile Baba alikimbia kwanza nyumbani kuchukua kasia. Hajawahi kutusimulia. Mama ndiye aliyenieleza, mara moja tu, tukichambua mchele.

Leo asubuhi meli ilifika jua likiwa bado halijachoma. Ni ya kijivu, ndogo kuliko nilivyoiwazia, na mabaharia walionekana wakipanga kamba sitahani kwa mistari, kila mmoja na mahali pake. Nilikaa kwenye jiwe na kitabu changu. Wanawake walikuwa wakigeuza usipa, dagaa wa ziwa letu, juu ya vichanja vya kuanikia. Wanaume walikaa kivulini wakishona nyavu na kuwacheka wanamaji kwamba wanaoga kwa ratiba. Kila mtu alitii. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani.

Kisha mtu mwenye koti la machungwa akaanguka kutoka nyuma ya meli.

Nasema mtu, kwa sababu hata mimi niliyejua, tumbo langu liliona mtu. Alianguka vibaya, mikono ikitangulia, akazama, akaibuka, kichwa kikiwa ndani ya maji.

Mama Tresia, jirani yetu, aliacha ungo wake uanguke, akapiga yowe.

Nilisimama. Nilisema, "Ni sanamu." Nilisema kwa sauti ileile ya kanisani, na hakuna aliyenisikia. Nilipojaribu mara ya pili mitumbwi saba ilikuwa majini, na wa mbele kabisa ulikuwa wa Baba. Sijawahi kumwona akipiga kasia namna ile. Ana kifua kibaya. Akipanda tu kutoka ufukweni hupumzika mara mbili. Leo hakupumzika.

Wanamaji nao walikuwa wameshusha boti yao ya mpira. Ikatokea ubavuni mwa meli kwa kasi na kukuta mitumbwi saba mbele yake. Ikakata kona ghafla. Baharia mmoja kijana akagonga mkono kwenye chuma, na damu yake tuliiona mpaka ufukweni, nyekundu juu ya fulana nyeupe. Meli ikapiga honi. Wavuvi wakadhani wanahimizwa, wakaongeza kasi.

Baba ndiye aliyemfikia. Alimshika ukosi, akamvuta, akamgeuza.

Hakuwa na uso. Kilikuwa kitambaa cha turubai kilichoshindiliwa vitu ndani.

Wale wengine walicheka, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Baba hakucheka. Alikaa chini ndani ya mtumbwi, mikono katikati ya magoti, lile lisanamu likiwa limelala miguuni pake, akaacha mtumbwi uelee. Kutoka kwenye jiwe langu nilimwona mgongo tu. Sitausahau ule mgongo.

Mkuu wa meli alikuja ufukweni na boti ya mpira, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Mtendaji naye alikuwapo tangu asubuhi. Afande aliuliza kama tangazo lilisomwa. Zoezi hilo lilikuwa la mwisho, alisema, na vijana wake hawawezi kuhesabiwa wamemaliza mafunzo bila hilo. Sasa limeharibika na ana mtu aliyeumia. Mtendaji aligeuka kwa Baba, kwa sababu Baba ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, na ndiye aliyeweka sahihi kwamba watu wamearifiwa.

Baba alikuwa bado anahema. Alisema, "Lilisomwa, afande. Lilisomwa na binti yangu mwenyewe. Kwa hilo sina wasiwasi."

Alisema kwa fahari.

Mtendaji akasema basi ni ukaidi. Alisema mitumbwi yote saba itafungwa wiki mbili, na kikundi kitatafuta mwenyekiti anayesikilizwa. Wiki mbili hizi ni za giza, mwezi haupo, ndizo za kuvua usipa kwa taa. Kijiji kizima hungoja giza hili. Wanaume walianza kusema wote pamoja kwamba hawakuambiwa habari za sanamu, mtendaji akisema waliambiwa, na Baba akisimama katikati yao, akiendelea kurudia kwamba mwanawe amesoma, kwamba mwanawe hawezi kuruka neno. Wenzake wakaanza kumwangalia kwa namna nyingine.

Kulikuwa na hatua kama kumi na tano kutoka kwenye jiwe langu mpaka pale. Nilizitembea. Sikumbuki kuzitembea.

"Shikamoo afande," nilisema.

"Marahaba."

"Upande wa nyuma sikuusoma. Niliuona, nikaukunja. Baba hakujua."

Mtu mmoja akaguna, "Kumbe mwalimu." Baba aliniangalia, kisha akaangalia miguu yake, iliyokuwa bado inachuruzika maji.

Afande aliniuliza kwa nini. Nilitafuta sababu yenye heshima nikaikosa. Nikamwambia walinicheka.

Hakunikaripia. Aliomba karatasi, katekista alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi. Afande akanipa, akasema nisome, watu wapo. Nikasoma. Mstari wa kwanza ulitetemeka, wa pili ukatetemeka, halafu nikafika kwenye "sanamu iliyovishwa koti" na mtu akacheka, wengine wakafuata, na ajabu ni kwamba sikufa. Nikangoja wamalize. Nikarudia kwa Kinyasa changu kibovu. Pale nilipokosa neno, Mama Tresia alinipa.

Nilipomaliza, yeye Mama Tresia akamgeukia afande. Alizungumza kwa upole, kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Sasa afande, siku akianguka mwenye uso, sisi huku tutajuaje?"

Afande alifikiri. "Ninyi mnajuaje siku zote, mama?"

"Hatujui. Tunakwenda."

Afande alivua kofia yake. Aliwaangalia wale wanaume saba waliolowa, akamwangalia na yule kijana wake aliyekaa kwenye boti, mkono umefungwa bandeji. Kisha akamchukua mtendaji pembeni, wakazungumza muda mrefu. Waliporudi mtendaji alisema, bila furaha, kwamba mitumbwi isifungwe, na kwamba habari za mwenyekiti ni za kikundi chenyewe. Zoezi lingerudiwa alasiri. Katekista angepiga kengele kwanza, ili kila mtu ajue kwamba anayeanguka si mtu.

Alasiri kengele ikapigwa. Nilidhani kutazama ukiwa unajua kungekuwa rahisi.

Sanamu ikaanguka, na ufukwe wote ukasimama ukiangalia kitu cha machungwa kikielea. Mama Tresia alijiziba mdomo kwa khanga kwa mikono miwili. Mwanamume mmoja alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi wake mpaka vidole vikapauka. Kutokwenda ni kazi kubwa kuliko kwenda. Hilo halikuwa kwenye kitabu changu chochote.

Baba alikaa ametazama kijiji, ziwa likiwa mgongoni kwake, akijifanya anafungua wavu uliojisokota. Nilikwenda nikakaa karibu naye, lakini mimi nikiangalia maji. Sikujua kama ananitaka pale. Baada ya muda nikaanza kumweleza, kama ninayesoma.

Boti imeshuka, Baba. Wako sita. Wanazunguka kwa mbali kidogo, ili wimbi la boti lisimzamishe. Wamepunguza mwendo. Mmoja ameinama. Amemshika.

Vidole vyake vilisimama kwenye wavu.

"Wamempandisha?" akauliza.

"Bado. Kamba inapita kwapani. Sasa. Ndiyo, Baba, wamempandisha."

Alivuta pumzi, ndefu, ikakwaruza njia nzima. Kisha akaendelea na wavu wake. Nadhani zilikuwa pumzi za zamani, za mwaka ule wa darasa la saba. Labda nakosea. Sikumwuliza.

Meli ilipiga honi mara tatu. Mabaharia wakapanga mstari sitahani, yule wa bandeji akiwa wa mwisho, na afande wao akapita akiwapa mkono mmoja mmoja. Wamemaliza mafunzo yao. Watoto wetu walipiga makofi, na wazee nao, na mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba mitumbwi ilifika mapema zaidi. Ni kweli ilifika mapema zaidi. Meli ikageuka kuelekea Mbamba Bay, ikabaki moshi mwembamba, kisha ziwa peke yake.

Nilitaka kumwomba Baba msamaha njiani tukirudi, lakini alisimama kupumzika, nami nikasimama, akaendelea, nami nikaendelea. Nimejaribu tena nikimpelekea maji ya kuoga. Maneno yamenijaa kichwani kwa Kiswahili kizuri kabisa na hayashuki.

Kesho nitawaonaje watu wa kanisani? Nimefikiria kusema naumwa.

Sasa hivi, nikiwa naandika hapa mlangoni kabla mwanga haujaisha, Baba ametoka kwa katekista. Amesimama mbele yangu, akanipa karatasi. Ni matangazo ya kesho: zamu za kufagia kanisa, mkutano wa akina mama, na harusi moja. Miwani bado haijatengenezwa.

"Utasoma wewe," amesema. Kisha ameigeuza karatasi mkononi mwangu. "Na huku."

Nyuma hakuna kitu. Ni karatasi nyeupe tu.

Ameingia ndani. Nimemsikia akimwambia Mama jambo, na Mama akacheka.

Kesho nitasoma zamu, na mkutano, na harusi. Halafu, hata wakicheka, nitaigeuza mbele yao wote, waone kwamba ni nyeupe, ndipo niseme ni hayo tu.